Watu wa Asili ya Uingereza katika Kaunti ya Iowa, Wisconsin: Ramani Inaonyesha Nini Hasa?

Mtu akifungua ramani ya kaunti ya Marekani inayoonyesha wanakoishi wakazi wenye asili ya Uingereza, ataona sehemu zilizopakwa rangi nzito na nyingine rangi nyepesi, na ni rahisi kuamini kwamba rangi hizo zimepimwa kama mvua inavyopimwa. Ukweli ni kwamba kila rangi imetokana na majibu ya kaya chache zilizochaguliwa, kwa swali ambalo kila mtu hulijibu kadiri anavyoujua ukoo wake na kadiri anavyopenda kujitambulisha. Kwa hiyo ramani hubeba mambo mawili kwa pamoja, yaani historia ya uhamiaji na namna swali lilivyoulizwa, na msomaji asipoyatenganisha atafikia hitimisho lisilo sahihi. Nitaeleza jambo hili kwa mfano wa Kaunti ya Iowa. Katika makala haya, Uingereza ni ufalme wote, na England ni sehemu yake moja, sawa na Uskoti na Wales.

Kaunti hii haimo katika jimbo la Iowa. Iko kusini-magharibi mwa Wisconsin, na sensa ya 2020 ilihesabu humo watu 23,709. Ilianzishwa mwaka 1829, Wisconsin ikiwa bado haijawa jimbo, na kilichowavuta watu kuhamia huko ni madini ya risasi. Wachimbaji wa mwanzo, ambao wengi wao walitoka Missouri na kusini mwa Illinois, walichimba mashimo mafupi wakachukua risasi iliyokuwa karibu na uso wa ardhi. Hiyo ilipopungua, wakahitajika watu wanaojua kupasua mwamba na kushuka chini zaidi, na ujuzi huo ulikuwapo Cornwall, ncha ya kusini-magharibi ya England, ambako bati na shaba vilikuwa vimechimbwa kwa karne nyingi. Katika miaka ya 1830 familia za Cornwall zilianza kufika kwa wingi na kukaa Mineral Point, Dodgeville na Linden, palipokuwa na migodi. Walikuwa pia waashi hodari. Nyumba zao za mawe zingali zimesimama katika mtaa wa Shake Rag mjini Mineral Point, na sababu moja ni kwamba mwaka 1935 Robert Neal na Edgar Hellum walianza kununua na kukarabati nyumba zilizokuwa zikibomoka. Leo nyumba hizo ni eneo la kihistoria liitwalo Pendarvis, na kwa maoni yangu zinaeleza makazi ya watu hao kwa uwazi kuliko jedwali lolote la takwimu.

Hata hivyo, si wote waliofika waliobaki. Dhahabu ya California iliwavuta wachimbaji wengi kuanzia mwaka 1849, na baadhi ya wazao wa watu waliowahi kuishi Mineral Point leo huhesabiwa katika kaunti za mbali. Waliobaki waliendelea na risasi, baadaye zinki, na wengi wakageukia kilimo. Kaskazini mwa kaunti, karibu na Mto Wisconsin, historia ni nyingine: huko walikaa watu wa Wales, miongoni mwao ukoo wa Lloyd Jones, ambao ndio ukoo wa mama yake msanifu majengo Frank Lloyd Wright. Wright alipojenga makazi yake katika bonde la ukoo huo mwaka 1911 aliyapa jina la Kiwelisi, Taliesin. Upande wa mashariki walikaa Wanorwei wengi, na Wajerumani wako kila mahali, kama ilivyo katika Wisconsin nzima. Msingi wa mgawanyo tunaouona leo uliwekwa na mwamba wenye risasi na mabonde yenye rutuba, kabla hata reli haijafika.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Sensa ya kila miaka kumi ilianza kuuliza kuhusu asili ya ukoo mwaka 1980, kwa dodoso refu lililopewa sehemu tu ya kaya. Siku hizi swali hilo limo katika Utafiti wa Jumuiya za Marekani, unaofanywa na Ofisi ya Sensa kila mwaka kwa anwani zipatazo milioni 3.5. Mhojiwa haoni orodha ya kuchagua. Anaandika mwenyewe, na majibu mawili ya kwanza ndiyo yanayoingizwa katika hesabu. Katika majedwali yanayotolewa, England ina safu yake, Uskoti yake, Wales yake, Waskoti-Waayalandi (wazao wa Waskoti waliopitia Ireland kabla ya kwenda Marekani) yao, na kuna safu nyingine ya wale walioandika tu kwamba wana asili ya Uingereza kwa jumla bila kutaja sehemu. Safu hii ya mwisho ni ndogo sana. Mwaka 2000, nchi nzima, ilikuwa na watu takriban milioni 1.1, ilhali waliotaja England walikuwa takriban milioni 24.5. Ramani iliyochorwa kwa safu hiyo peke yake inaweza kuionyesha Mineral Point kama mji usio na Waingereza, na hilo ni kosa kubwa ninaloliona likirudiwa mara nyingi.

Cornwall nayo haina safu. Mzao wa wachimbaji aliyeandika kwa fahari jina la Cornwall hatajiona popote katika jedwali la kawaida, ingawa ni ukoo wake uliojenga mji. Wasomaji wetu walioko Marekani wanalijua jambo hili kwa njia yao: katika majedwali ya miaka ya 2010 Wakenya na Waganda walikuwa na safu zao, lakini Watanzania walijumuishwa na Waafrika wengine wa kusini mwa Sahara.

Mifano inayochapishwa chini ya swali nayo ina nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1980 England ilikuwa miongoni mwa mifano hiyo, na watu takriban milioni 49.6 wakaitaja. Mwaka 1990 iliondolewa, na idadi ikashuka hadi milioni 32.7. Hakuna vifo wala uhamaji unaoweza kueleza upungufu wa watu milioni 17 katika miaka kumi. Kilichobadilika zaidi ni karatasi, na pia watu wengi walioanza kuandika kwamba asili yao ni Marekani tu. Katika sensa ya 2020 England ilitajwa tena katika mifano, safari hii chini ya swali la rangi na asili, na ikaongoza miongoni mwa Wazungu kwa watu milioni 46.6, mbele ya Ujerumani. Kwa hiyo mtu asilinganishe ramani ya kaunti ya mwaka mmoja na ya mwaka mwingine kabla ya kusoma madodoso yote mawili.

Ugumu mwingine unatokana na udogo wa kaunti yenyewe. Ofisi ya Sensa huigawa kila kaunti katika maeneo ya takwimu yenye watu kati ya 1,200 na 8,000, na kwa kaunti ndogo makadirio hupatikana kwa kuunganisha majibu ya miaka mitano. Kila kadirio huja na wigo wa makosa. Tuchukulie kwamba eneo moja linakadiriwa kuwa na watu 40 wa asili ya Wales, na wigo ni 35 juu au chini: idadi halisi inaweza kuwa 5 au 75, na ramani inayolipaka eneo hilo rangi tofauti na jirani yake inadai uhakika ambao takwimu hazina. Aidha, eneo la mashamba huwa kubwa kwenye karatasi ilhali watu wake ni wachache, na mji wa Dodgeville huonekana kama doa.

Anayetaka picha iliyo karibu na ukweli ajumlishe safu za England, Uskoti, Wales na ile ya jumla, akikumbuka kwamba aliyeandika England na Wales amehesabiwa mara mbili. Kisha aziweke kaunti jirani za Grant na Lafayette kwenye ramani hiyohiyo, kwa sababu zamani zilikuwa sehemu ya Kaunti ya Iowa na ukanda wa risasi unapita katika zote tatu. Anayetafuta watu wa Cornwall hasa itambidi arudi kwenye sensa za kuanzia mwaka 1850, zilizoandika mahali alipozaliwa kila mtu, na ya 1880, iliyoongeza mahali walipozaliwa wazazi. Majina yaliyomo hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72, na orodha ya 1890 karibu yote iliharibiwa na moto wa mwaka 1921. Kwa kuwa makarani wengi waliandika England tu, majina hayo inafaa yalinganishwe na vitabu vya ubatizo na ndoa vya makanisa ya Wamethodisti ya Mineral Point, Linden na Dodgeville.