Njumu, Tembo na Uongo wa Mlangoni

Juzi nimesikia tena. Nimeinama natia mafuta mlango wa mteja Mji Mkongwe, mtembeza wageni kasimama mgongoni kwangu, anawaambia watu njumu za shaba, yaani misumari ile ya vichwa vikubwa mlangoni, ziliwekwa kuzuia tembo. Wakapiga picha. Nikameza mate.

Tembo gani, jamani? Unguja haina tembo. India ndiko mageti ya ngome yalikopigwa miiba mirefu ya chuma, maana tembo wa vita alisukuma lango kwa kichwa. Njumu zetu ni shaba, tena zimeshuka safu kwa safu mpaka chini ya goti. Tembo wa kimo gani huyo? Halafu mtembezaji huyohuyo akifika Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883, atakwambia mlango mkuu ulifanywa mpana ili Sultani apite juu ya tembo. Yaani mlango huu unamfukuza, ule unamkaribisha! Lile lilikuwa jumba la sherehe, basi. Mlango wake wa nakshi na aya za Kurani haukuwa wa kupitisha mtu mmoja mmoja.

Zunguka nyuma ya mlango wa zamani uone. Mkia wa msumari umepenya ubao, ukapenya papi, ule ubao wa kukingama nyuma, ukapindwa. Ndio unaozuia mbao zisiachane zikivimba masika. Ipo milango ambayo njumu haishiki kitu, ni pambo tupu. Hilo sibishi.

Kinachonikera zaidi ni hii kanuni ya kumjua mwenye nyumba kwa mlango wake: "juu bapa Mwarabu, juu tao Mhindi". Bapa ndiyo ya zamani. Tao limeshika fasheni mwishoni mwa karne ya 19, na Barghash mwenyewe alishakaa Bombay uhamishoni. Waarabu wenye uwezo nao wakaagiza matao. Kwa hiyo umbo la juu linakukisia umri wa mlango, kabila la mwenye nyumba halikwambii. Tena kukisia tu, maana milango huhamishwa, na fremu ya nyumba moja huishia kwenye nyumba nyingine. Mimi huanza na miimo (nguzo za pembeni), mfaa (ule ubao wa katikati mbawa zinapokutana) na aina ya mbao, huko juu namalizia.

Na zile maana za nakshi: samaki uzazi, mtende neema, mnyororo ulinzi. Wapo wanaoapa kwamba mnyororo ni alama ya mwenye watumwa. Vitabu hapa vinajiamini kuliko mimi. Mnyororo unajaza ukingo mrefu mwembamba vizuri kuliko ua lolote, na patasi inakwenda nao bila kusita. Mteja akiniuliza maana yake nampa ile ya kitabuni, kwani kashalipa.