Sungura na karoti, hii stori ilitoka kwenye filamu

Kuna ile meseji haiishi kwenye magrupu, eti sungura mpe karoti tu, ndo chakula chake cha asili. Hapana jamani. Bugs Bunny, yule sungura wa katuni iliyoanza 1940, aliiga staili ya nyota wa filamu moja ya Marekani ya 1934, It Happened One Night, jamaa kaegemea uzio anatafuna karoti huku anaongea mdomo umejaa, itafute uone mwenyewe. Sisi tumekua na katuni tukajua ndo ukweli.

Chakula cha sungura ni nyasi, meno yake hayaachi kukua na nyasi ndo zinayasaga, karoti ina sukari nyingi, kipande mara mojamoja kinatosha, muulize daktari yeyote wa mifugo. Ikikufikia tena usiifowadi, tafadhali.