Pengo la Nishati Halifungi Polepole

Wiki hii nimeletewa tena ile grafu: uakisi wa infraredi kwenye utando wa vanadiamu dioksaidi, unapanda taratibu joto likikaribia nyuzi 67 za Selsiasi, na chini yake imeandikwa kwamba pengo la nishati, yaani nishati ambayo elektroni inahitaji ili iwe huru kupitisha umeme, "linafunga polepole". Jamani, hapana.

Mpito huu wa kutoka kihami (kisichopitisha umeme vizuri) kwenda metali, alioueleza mwanafizikia Morin mwaka 1959, ni wa kuruka. Kwenye fuwele nzuri upitishaji umeme hupanda hata mara laki moja. Tena ukipoza utando, grafu hairudi kwa njia iliyopandia. Hiyo peke yake ingetosha kukushtua.

Tatizo ni doa la mwanga unaopimia. Doa lako lina makumi ya maikromita. Vidimbwi vya metali huanza vikiwa vya nanomita. Mwaka 2007 wanafizikia Qazilbash, Basov na wenzao walipapasa utando kwa ncha kali iliyomulikwa infraredi, wakaona vidimbwi vikichipuka ndani ya kihami, vikapanuka, vikaungana. Fikiria umati ulioketi ukiinuka mtu mmoja mmoja. Ukipima urefu wa wastani kutoka mbali, unapanda taratibu, ilhali kila mtu ama ameketi ama amesimama.

Basi usipime kwa urefu mmoja wa wimbi. Nipe spektra nzima. Pengo likipungua kweli, ukingo wa ufyonzaji (nishati ambapo kihami huanza kumeza mwanga), ulio karibu na elektrovolti 0.6, utasogea chini. Ikiwa ni mchanganyiko wa kihami na vidimbwi vya metali, ukingo utabaki palepale huku eneo la chini yake likijaa. Na usikate hesabu kwenye elektrovolti 1: elektroni zinazosukumana kwa nguvu huhamisha uzito wa spektra, yaani jumla ya ufyonzaji, hadi elektrovolti kadhaa. Mvutano wa Mott na Peierls, yaani kama kihami kinatokana na elektroni kusukumana (Mott) au na atomi kujipanga jozi (Peierls), nauruka leo. Jozi za atomi za vanadiamu zilizo kwenye kihami huachana kwenye mpito uleule, na mwanga peke yake hautenganishi sababu hizo mbili.

Hata hivyo, mchanganyiko nao una mashaka yake. Fomula ya Bruggeman, inayokadiria mwanga unavyotendewa na mchanganyiko, inakutaka uchague umbo la vidimbwi. Chagua duara au chagua ufito, sehemu ya metali unayoipata inabadilika, na wengi wetu tunachapisha namba moja tu. Baya zaidi, vipimo vilevile vya 2007 vilionyesha kwamba elektroni za vidimbwi vya mwanzo ni nzito kuliko za metali iliyokwisha kupashwa moto. Kwa hiyo kihami na metali ya joto la juu havitoshi kulinganishia data ya katikati ya mpito, na hapo ndipo mimi pia hutumia viambato hivyo viwili.