Modi za amri kwenye ruta: maana ya >, # na (config)#

Modi ya amri ni ngazi uliyosimama ndani ya ruta wakati unaandika. Ngazi hiyo ndiyo inayoamua ruta ikubali amri gani, na amri hiyo iguse nini. Maelezo haya ni ya ruta za Cisco zenye mfumo wa IOS. Watengenezaji wengine wa ruta, kama MikroTik na Juniper, wana utaratibu wao.

Chomeka kebo ya konsoli (inayounganisha kompyuta na ruta moja kwa moja), fungua PuTTY, programu ya kuandikia amri, kwa kasi ya 9600, biti 8 za data, bila pariti, biti 1 ya kufungia, kisha bonyeza Enter. Ruta ambayo tayari ina usanidi (mipangilio yake), na haijawekewa nenosiri kwenye konsoli, itaandika Router>. Hii ni modi ya mtumiaji, kiwango cha 1 cha ruhusa. Unaweza kutumia ping, show version na show ip interface brief. Usanidi wenyewe huuoni, wala hubadilishi kitu.

Amri ya enable inakupeleka Router#, kiwango cha 15. Wengi hudhani hapa ndipo pa kusanidi. Sipo. Hapa unaona kila kitu kwa show running-config, unaweza hata kuwasha upya ruta au kufuta usanidi uliohifadhiwa, lakini ukiandika ip address utajibiwa % Invalid input detected at '^' marker. Kialama ^ kinaonyesha neno ambalo ruta imeshindwa kulielewa. Mara nyingi tahajia yako ni sahihi, ila umesimama pasipo pake.

Kusanidi kunaanza na configure terminal, unapoona Router(config)#. Kutoka hapo unaingia sehemu mahususi:

interface GigabitEthernet0/0
ip address 192.168.10.1 255.255.255.0
no shutdown

Sasa alama ni Router(config-if)#. Angalia vizuri: haitaji ni kiolesura kipi, yaani mlango upi wa ruta. Ukiwa umefungua madirisha mawili, au umerudi kutoka kwenye simu, ni rahisi kuandika shutdown kwenye kiolesura kinachobeba intaneti ya ofisi nzima. Usipokuwa na hakika, andika upya amri ya interface na jina lake kabla ya kuendelea; haiharibu chochote. Ni hivyo hivyo kwa line con 0 (njia ya konsoli) na line vty 0 4 (njia za kuingia kwa mbali): zote huonyesha (config-line)#, na nenosiri litakaa kwenye ile uliyoingia mwisho.

Ukitaka kutazama bila kutoka, tanguliza do, kwa mfano do show ip interface brief. Amri ya exit inakurudisha hatua moja. End au Ctrl+Z inakurudisha # moja kwa moja.

Kila unachoandika kwenye modi za usanidi kinafanya kazi papo hapo, lakini kiko kwenye RAM tu, kumbukumbu inayofutika ruta ikizimwa, hadi ukihifadhi kwa copy running-config startup-config ukiwa #. Kwa anayefanya kazi kwa mbali hilo ni kinga: toa reload in 10 kabla ya kugusa kitu. Ukijifungia nje, baada ya dakika 10 ruta itawaka upya na usanidi wa zamani. Mambo yakienda sawa, toa reload cancel, ndipo uhifadhi.

Ukiingia kwa mbali kupitia Telnet au SSH, enable inaweza kukujibu % No password set. Weka enable secret (nenosiri la kuingilia #) kupitia konsoli. Usitegemee enable password, kwani huhifadhiwa wazi au kwa usimbaji unaofumbuliwa kirahisi.

Iko pia rommon 1 >, programu ndogo ya kuwashia ruta, ambayo si IOS kabisa. Hutumika nenosiri likisahaulika: tuma Break (ishara ya kukatiza) kutoka PuTTY wakati ruta inawaka, andika confreg 0x2142, kisha reset. Ruta itawaka bila kusoma usanidi uliohifadhiwa. Ingia #, toa copy startup-config running-config, ingia configure terminal, badilisha nenosiri, washa violesura kwa no shutdown maana vitakuwa vimezimwa, rudisha config-register 0x2102 (thamani ya kawaida), kisha rudi # uhifadhi. Ukiisahau hiyo 0x2102, umeme ukikatika ruta itarudi tupu, ingawa usanidi bado umo.