Je, wajua kwa nini samaki anayeonekana hana ugonjwa huwekwa karantini?

Koi ni wale samaki weupe wenye mabaka mekundu na meusi wanaoogelea polepole kwenye vidimbwi vya hoteli na bustani za Nairobi. Kumleta mmoja akiwa hai kutoka nje kunahitaji kibali, chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016.

Kwa miaka mingi niliamini kibali hicho kipo kwa ajili ya tumbo langu. Hesabu yangu ilikuwa ya City Market: samaki mgonjwa humdhuru mlaji, basi serikali humzuia mlangoni. Nilikosea kabisa, na ningeshtuka mapema kama ningejiuliza ni nani amewahi kumkaanga koi. Virusi vya herpesi ya koi, vile vinavyohofiwa kuingia na samaki hawa, havimwambukizi binadamu, ale, aguse au anywe maji ya dimbwi. Hata ule ubishi wetu wa tilapia waliogandishwa kutoka China ni jambo jingine. Barafu haiui virusi vyote, ila samaki wa sufuria hana tena nafasi ya kuogelea na wenzake. (Maji aliyooshewa yakimwagwa mtoni, hapo tuongee upya.)

Anayelindwa na kibali ni samaki mwingine, tuseme yule wa Ziwa Naivasha. Karpu, samaki wa kigeni, alionekana ziwani humo mwaka 2001, inadhaniwa alitoroka kwenye mabwawa ya samaki ya juu ya mto, na wavuvi wamekuwa wakimtegemea. Koi ni karpu huyohuyo, aliyechaguliwa vizazi na vizazi kwa ajili ya rangi. Kinachomuua mmoja humuua na mwenzake. Kwa hiyo tunamlinda mgeni aliyejileta dhidi ya jamaa yake mwenye mavazi ya sherehe.

Lakini kwa nini daktari asimtazame tu samaki pale uwanja wa ndege, akiwa mzima aachiwe bila karantini? Hapa ndipo penye utamu.

Samaki hana joto lake mwenyewe. Mwili wake una joto la maji aliyomo. Virusi hivi navyo huchagua joto. Huua zaidi maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 25 hivi, na kiwango hicho hubadilika kidogo kulingana na hali. Fikiria unga wa mandazi uliotiwa hamira asubuhi ya Julai, baridi ya Nairobi ikiuma. Hauumuki. Mpishi mgeni atasema hamira imekufa, ila mwenyeji atasogeza bakuli karibu na jiko na kungoja. Koi aliyesafirishwa katika maji baridi ni bakuli hilo: hana kidonda, matamvua yake ni safi, na virusi vimo. Maji ya Naivasha, kwa bahati mbaya, yako kwenye joto la jiko muda mwingi wa mwaka.

Kisha kuna waliougua wakapona. Virusi vya herpesi vina tabia ya kujificha mwilini. Tetekuwanga unayougua utotoni huweza kurudi uzeeni kama mkanda wa jeshi, na virusi vyake ni ndugu wa mbali wa hivi vya koi. Samaki aliyenusurika anaweza kubaki hivyo, kisha msukosuko wa safari ukaviamsha. Samaki wa dhahabu nao wamewahi kukutwa na vinasaba vya virusi hivi bila kuugua, ingawa ushahidi kwamba wao huwaambukiza koi ni mwembamba.

Gharama ya kumwamini samaki kwa sura imeshaonekana. Mwaka 2002 ugonjwa uliingia Indonesia pamoja na koi walioagizwa, ukahamia kwa karpu wa kufugwa. Mwaka 2004 karpu zaidi ya 100,000 walikufa katika Ziwa Biwa, Japani.

Ndiyo maana karantini nzuri haiwi ya kungoja tu. Maji hupashwa hadi nyuzi 24 hivi kwa wiki nne au zaidi, yaani virusi vinaandaliwa mazingira mazuri kusudi vijitokeze. Wafugaji wengine huongeza koi wa kwao ambaye hajawahi kuugua, wakamweka tangi moja na wageni. Wageni wakiendelea kunawiri na mwenyeji akafa, jibu limepatikana.