"Akishika Vyuma Ataelewa." Hapana, Hataelewa

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu anayeandaa mitaala: "Kwani tusiongeze tu miezi ya mafunzo kazini? Wakishika vyuma wataelewa." Jamani! Mwanafunzi wa ufundi umeme anaweza kushika vyuma mwaka mzima na bado asijue kwa nini mota inavuma bila kuzunguka.

Karakana ya chuo tunaijua: mchoro mkononi, nyaya mpya, kontakta (swichi ya kuwashia mota) nzima. Saketi inawaka, anapewa alama zake. Kazini mchoro haupo, nyaya ziliungwa na fundi aliyeacha kazi zamani, na zote zina rangi moja.

Turudi kwenye hiyo mota. Ni ya fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye umeme, kila moja na fyuzi yake; volti 400, na fyuzi moja imeungua. Mwanafunzi anapima upande wa mota: kati ya fezi mbili nzima anapata 400, akihamia ile ya tatu anapata kama 200. "Umeme upo, mwalimu, ila mdogo." Kisha anaagiza kontakta mpya! Zile 200 zimetoka kwenye fezi nzima, zikapita ndani ya koili za mota yenyewe hadi kwenye waya uliokufa. Angeweka ncha za mita huku na huku ya kila fyuzi: nzima ingesoma sifuri, iliyoungua ingesoma volti tele. Na asikawie, maana mota iliyokwama hivyo hupata moto upesi.

Nadharia yote hiyo alifundishwa. Alichokosa ni mtu wa kumzuia mkono kabla hajapima na kumuuliza: unatarajia kusoma ngapi? Bila swali hilo, hayo mnayoita mafunzo kwa vitendo ni mazoezi ya bisibisi.

Wengi hulalamika kwamba huko kazini wanafagishwa tu. Kufagia hakujaua mtu, na anayefagia kwa makini huwa wa kwanza kujua mashine ipi inavuja mafuta. Kinachoniudhi ni kitabu cha kumbukumbu wanachojaza kila siku huko kazini: "Leo nilimsaidia fundi kubadilisha kontakta." Sahihi, muhuri, ukurasa unaofuata. Dalili ilikuwa nini? Ulidhani nini? Ulipima wapi, ukakuta nini? Kama ulidhani vibaya, andika hivyo hivyo. Ukurasa huo ndio ninaousoma mara mbili.

Halafu kuna wanaonitajia Ujerumani kama mfano wa mafunzo kazini. Kule mwanagenzi ana mkataba na kampuni, kwa kawaida wa miaka 2 hadi 3.5, analipwa, na kampuni lazima iwe na mtu mwenye sifa za kumfundisha. Hilo la mwisho halitajwi kamwe.

Mimi huwategea wanafunzi hitilafu za makusudi, ingawa sina hakika kama wanaisoma mota au wananisoma mimi. Wajanja wameshajua napenda fyuzi. Siku hizi nawaachia wategeane wenyewe, kundi kwa kundi, umeme ukiwa umezimwa. Wana roho mbaya kunishinda: juzi walitega waya uliokatika ndani, ganda lake likiwa zima kabisa.