Suala moja, taaluma nyingi: sayansi za jamii zinavyochunguza ukosefu wa ajira

Mpelekee mwanauchumi suala la ukosefu wa ajira, atakuuliza kuhusu mishahara, mahitaji ya waajiri na sera za benki kuu. Mpelekee mwanasaikolojia, atataka kujua aliyeachishwa kazi analala vipi, anajionaje, na kutwa anazungumza na nani. Mwanaanthropolojia atahamia mtaani kwake akaishi naye. Mwanahistoria atakukumbusha kwamba hata kuwagawa watu kati ya walioajiriwa na wasioajiriwa kulianza kuzoeleka kwenye takwimu za serikali mwishoni mwa karne ya 19 tu.

Mimi ni mtafiti wa masuala ya kazi, na hao wote nawahitaji. Wengi wakisikia sayansi za jamii hufikiria orodha ya idara za chuo kikuu: sosholojia, uchumi, siasa, jiografia na nyinginezo. Orodha hiyo haikwambii mengi. Upana wenyewe uko kwenye namna ya kuuliza na aina ya ushahidi unaokubalika kuwa jibu, nao huonekana vizuri ukishika suala moja na kulifuata kutoka taaluma moja hadi nyingine. Nitalifuata hili la ajira kwa sababu ndilo ninaloshinda nalo.

Tuanze na kuhesabu. Kiwango cha ukosefu wa ajira unachokisikia kwenye taarifa ya habari mara nyingi hutokana na utafiti wa nguvu kazi: wadadisi hupita kwenye kaya zilizochaguliwa kwa sampuli na kumuuliza kila mtu maswali yale yale. Kwa vigezo vya kimataifa vilivyopitishwa mwaka 1982 chini ya Shirika la Kazi Duniani, asiye na ajira ni mtu ambaye hakufanya kazi katika kipindi kinachoulizwa, yuko tayari kufanya kazi, na anaitafuta. Ukifanya kazi ya kipato hata kwa saa moja tu katika wiki hiyo, unahesabiwa kuwa umeajiriwa.

Watu wakiambiwa hivyo kwa mara ya kwanza hukasirika, na hasira yao naielewa. Kigezo hicho kina sababu yake: takwimu za ajira zinatakiwa kuoana na hesabu za pato la taifa, kwa hiyo kila saa iliyozalisha kitu lazima ionekane. Lakini kina gharama. Mtu aliyekata tamaa akaacha kutafuta kazi huondoka kabisa kwenye hesabu ya wasio na ajira, kwa hiyo kiwango kinaweza kushuka bila mtu yeyote kupata kazi. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva na kurekebisha mambo. Waliongeza vipimo vya kuwanasa waliokata tamaa na wale wanaofanya saa chache kuliko wanavyotaka. Pia walikubaliana kwamba mkulima anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake anafanya kazi, ila hahesabiwi kuwa ameajiriwa. Nchi yenye wakulima wadogo wengi ikianza kutumia kigezo hicho, idadi ya walioajiriwa hushuka kwa mkupuo, ilhali hakuna hata mkulima mmoja aliyebadilisha shughuli zake. Ndiyo maana kila ninaposoma takwimu ya ajira natafuta kwanza ukurasa wa fasili.

Takwimu, hata ikiwa safi, haikwambii siku ya mtu asiye na kazi inapita vipi. Hapo nawapeleka wanafunzi wangu Marienthal.

Marienthal ni eneo karibu na Vienna, Austria, ambalo watu wake walitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilifungwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi na karibu kila familia ikabaki bila kazi. Mwishoni mwa mwaka 1931 kikundi cha watafiti vijana kilikwenda kuwachunguza, na matokeo yakachapishwa mwaka 1933 na Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel. Walijiwekea sharti moja ambalo hadi leo nalipenda: mtafiti yeyote asiwe pale kama mtazamaji tu. Kila mmoja alipaswa kushika jukumu lenye manufaa kwa wenyeji, iwe kugawa nguo, kuendesha mafunzo ya kukata vitambaa au kusaidia huduma za matibabu. Mazungumzo yalikuja yenyewe humo.

Walifungua jalada kwa kila familia, 478 kwa jumla. Waliandika familia zinakula nini. Walikusanya insha za watoto wa shule kuhusu zawadi walizozitaka za Krismasi, wakaona kwamba watoto wa Marienthal waliomba vitu vya bei ndogo sana kuliko wenzao wa vijiji jirani, na wengi walianza kwa kusema kama wazazi wangekuwa na pesa. Waliwapa wanaume karatasi za kuorodhesha saa za siku, na karatasi zikarudi karibu tupu: mmoja aliandika kwamba ameamka, kisha akaruka hadi mchana akieleza tu kwamba wakati huo adhuhuri inafika. Walichungulia madaftari ya maktaba ya wafanyakazi. Watu walikuwa na muda tele na ada ndogo ya kuazima ilikuwa imefutwa, lakini vitabu vilivyoazimwa vilipungua. Walisimama pia nyuma ya dirisha, saa mkononi, wakapima mwendo wa wapita njia. Wanaume walitembea polepole na kusimamasimama. Wanawake walikwenda haraka, kwa kuwa kazi za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda.

Kisha wakaunganisha maelezo na hesabu. Waligawa familia katika makundi manne kwa kadiri zilivyolichukulia jambo hilo, kuanzia zilizokuwa bado imara, zilizokubali yaishe, zilizokata tamaa, hadi zilizojiachia kabisa. Walipoangalia kipato cha mwezi kwa kila mlaji katika familia, kundi la kwanza lilikuwa na wastani wa shilingi 34 za Austria, la pili 30, la tatu 25 na la nne 19. Tofauti ndogo ya pesa, karibu shilingi tano kwa hatua, iliambatana na tofauti ya namna nzima ya kuishi. Sijui takwimu nyingine inayonigusa kama hiyo, na hainigusi peke yake: hunigusa kwa sababu nimeshasoma kurasa kuhusu milo, insha na saa tupu.

Jahoda alirudi kwenye suala hilo miaka mingi baadaye. Katika kitabu cha mwaka 1982 alitaja vitu vitano ambavyo ajira humpa mtu mbali na mshahara: mpangilio wa muda, kukutana na watu nje ya familia, kushiriki lengo la pamoja, hadhi, na kuwa na shughuli ya lazima. Wanasaikolojia wamelivalia njuga wazo hilo tangu wakati huo, wengine wakiliunga mkono na wengine wakisema limeudharau umaskini wenyewe. Mimi naona wote wana hoja, ila nikilazimika kuchagua, naanza na pesa.

Wakati watafiti wa Marienthal walichunguza watu waliopoteza ajira rasmi, mwanaanthropolojia Keith Hart alitilia shaka mgawanyo wenyewe. Katika miaka ya 1960 aliishi Nima, mtaa wa Accra, Ghana, miongoni mwa wahamiaji kutoka kaskazini mwa nchi. Kwa vitabu vya uchumi vya wakati ule, wengi wao wangeitwa wasio na ajira au wenye ajira nusunusu. Alichokiona ni watu wanaohangaika kutwa: wanauza, wanakopeshana, wanatengeneza, wanapangisha vyumba, mara nyingi mtu mmoja akishika shughuli kadhaa. Makala yake ya mwaka 1973, pamoja na ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972, ndizo zilizoipa dhana ya sekta isiyo rasmi umaarufu wake. Dodoso lisingeifikia dhana hiyo, maana dodoso huuliza kile ambacho mwandishi wake ameshakifikiria.

Wanauchumi nao wana ujanja wao. Hawawezi kuigawa nchi nusu kwa nusu ili wapandishe mshahara upande mmoja, kwa hiyo husubiri siasa ziwafanyie jaribio. Aprili 1992 jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa; jimbo jirani la Pennsylvania halikupandisha. David Card na Alan Krueger walifuatilia migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili, kabla na baada ya mabadiliko, na mwaka 1994 wakachapisha matokeo: hawakuona kwamba ajira zilipungua New Jersey. Watafiti wengine waliwapinga kwa kutumia kumbukumbu za malipo ya mishahara, nao wakajibu mwaka 2000 kwa data mpya. Vuta nikuvute hiyo ilikuwa na faida kubwa, kwa sababu ilihusu data na ulinganisho, kwa hiyo kila msomaji angeweza kuifuata.

Hatari kubwa ni pale mtu anapochanganya ngazi, yaani anapochukua jambo la kundi zima kuwa la mtu mmoja mmoja. Mwanasosholojia W. S. Robinson alilionyesha hilo mwaka 1950 kwa kutumia sensa ya Marekani ya 1930. Majimbo yenye wahamiaji wengi kutoka nje yalikuwa na wasiojua kusoma wachache. Ungedhani wahamiaji walijua kusoma kuliko wenyeji. Alipoangalia mtu mmoja mmoja, ilikuwa kinyume: wahamiaji ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutojua kusoma, ila walikwenda kuishi kwenye majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma. Kila wiki naona ripoti inayochukua wastani wa wilaya na kuubandika kwa mkazi wake, na kosa ni hilo hilo.

Je, matokeo haya yanaaminika? Mwaka 2015 watafiti walioungana kurudia tafiti 100 za saikolojia walipata matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelezeka kirahisi kuwa ya bahati tu, kwa takribani asilimia 36 tu, ilhali kwenye tafiti za awali yalikuwa asilimia 97. Kuna waliotaka kutupa jongoo na mti wake. Mimi niliona taaluma iliyojikagua hadharani, na tangu wakati huo desturi ya kusajili nadharia tete, yaani kile mtafiti anachotarajia kukiona, kabla ya kukusanya data imeenea sana.

Tatizo ni kwamba dawa ya taaluma moja inaweza kuwa sumu kwa nyingine. Majarida mengi sasa yanataka data ziwekwe wazi. Jedwali la migahawa 410 unaweza kuliweka wazi bila kumuumiza mtu. Mahojiano ya saa mbili na mtu aliyefukuzwa kazi ni jambo jingine: hata ukiondoa jina lake, jirani atamtambua kwa habari za watoto wake na ugomvi wake na msimamizi. Siungi mkono sharti moja kwa wote, na siungi mkono pia wenzangu wanaofungia madaftari yao ya uwandani kabatini kwa kisingizio cha usiri. Hifadhi za data zenye ruhusa maalumu zipo, ile ya Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza tangu mwaka 1967. Ninachodai ninapopitia pendekezo la utafiti ni mpango ulioandikwa: nani ataruhusiwa kusoma mahojiano, kwa masharti gani, baada ya muda gani, na mhojiwa aambiwe yote hayo kabla kinasa sauti hakijawashwa.